Risasi Ikishaingia Mwilini

Ndugu msikilizaji, katika mtaa niliokulia alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa na risasi pajani. Hakuificha. Jioni, watu wakikaa barazani kungoja taarifa ya habari, alikuwa akikunja kaptula yake na kutuita sisi watoto tuguse. Upande wa nje wa paja la kushoto, chini ya ngozi, palikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya zambarau, kikiteleza kidogo ukikibonyeza. Aliipata mwaka 1979 ndani ya Uganda, wakati majeshi yetu yalipokuwa yakimfukuza Idi Amin. Mwenyewe alisema iligonga jiwe kwanza, ndiyo maana haikupita moja kwa moja. Daktari wa jeshi aliitazama, akasafisha jeraha, akafunga bandeji, akaiacha humo humo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mke wake na ndugu zake walikuwa na hakika kwamba risasi ile inatembea. Kila mwaka, walisema, inapanda kidogo, na siku itakapofika moyoni itakuwa basi. Mwaka mmoja walichanga fedha, wakauza na cherehani, wakampeleka kwa mtu aliyejitangaza kuwa anatoa risasi bila kisu cha hospitali. Mzee alirudi na chale saba, kidonda kilichotoa usaha miezi minne, na risasi yake ikiwa pale pale.

Nimemkumbuka mzee huyo kwa sababu hadi leo mtu akipigwa risasi, swali la kwanza la jamaa wakifika hospitali ni hili: "Wameshaitoa?" Wakiambiwa bado, au kwamba haitatolewa kabisa, hutazamana. Wengine hudhani daktari anangoja kitu kidogo. Kwa hiyo leo nataka tuzungumze habari ya kile kipande cha madini tangu kinapotoboa ngozi, na jinsi binadamu walivyokuja kujua kinachotendeka humo ndani. Walijifunza polepole sana, na waliolipa gharama ya masomo hayo ni wengi, wakiwamo babu zetu.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu kinaita risasi madini yale mazito ya kijivu, ambayo wavuvi huyafunga kwenye nyavu ili zizame, na pia kinaita risasi kile kinachotoka katika bunduki. Wahenga hawakukosea. Kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja: donge la risasi tupu, nene, laini, linalosukumwa na baruti ya moshi. Donge hilo halikwenda kasi sana. Likigonga mwili lilibonyea na kupanuka, likaburura kipande cha shati na uchafu wote uliokuwamo, na likikutana na mfupa liliuvunjavunja vipande. Mwaka 1849 ofisa mmoja Mfaransa, Claude-Étienne Minié, alitengeneza risasi yenye umbo la pia, ambayo kitako chake hutanuka na kushika michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu, ikaruka mbali na kwa shabaha nzuri. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, risasi za namna hiyo, zenye unene wa milimita 14 na zaidi, ziliwaachia madaktari mifupa iliyosagika, na dawa waliyokuwa nayo ni msumeno. Upande wa Kaskazini peke yake viliandikwa visa karibu 30,000 vya kukatwa mkono au mguu.

Na kama risasi haikugonga mfupa? Basi daktari aliingiza kidole. Kilikuwa kidole kitupu, mara nyingi bila kunawa, na kilizungushwa ndani ya tundu mpaka chuma kipatikane. Imani ya siku hizo ilikuwa ile ile ya ndugu wa yule mzee wetu, kwamba kinachoua ni risasi kuwamo, na kwamba ikitoka mtu atapona. Lipo tukio moja linaloonyesha matokeo ya imani hiyo kuliko jingine lolote, nami naomba nikae hapo kidogo.

Tarehe 2 Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alikuwa katika stesheni ya gari la moshi mjini Washington, miezi minne tu baada ya kuapishwa. Mtu mmoja aliyekuwa na kinyongo cha kunyimwa cheo, Charles Guiteau, alimfyatulia bastola mara mbili kwa nyuma. Risasi ya kwanza ilimparuza mkono. Ya pili iliingia mgongoni upande wa kulia, ikavunja mbavu, ikapita katika pingili moja ya uti wa mgongo bila kugusa mshipa mkuu wa fahamu, ikaenda kutulia upande wa kushoto, karibu na kongosho. Risasi ile ilikuwa imekosa karibu kila kitu cha maana. Ilikuwa imemaliza kazi yake, nayo imeanza kulala.

Madaktari hawakuiacha ilale. Pale pale sakafuni stesheni walianza kuingiza vidole na vyuma katika tundu. Joseph Lister alikuwa amekwisha kutangaza njia ya kuua vijidudu vya vidonda tangu mwaka 1867, lakini wakubwa wengi wa Marekani waliona hayo ni mambo ya kukuza. Daktari aliyeshika usukani, ambaye jina lake la kwanza, amini usiamini, lilikuwa Doctor, yaani Doctor Willard Bliss, alishikilia kwamba risasi iko upande wa kulia. Siku baada ya siku walichokoa upande huo. Wakamwita hadi Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, aje na mtambo wake wa kusikiliza chuma kilichofichika. Bell alipitisha mtambo juu ya tumbo la Rais mara mbili, mwishoni mwa Julai na tarehe 1 Agosti, lakini kitanda kilikuwa na springi za chuma zilizovuruga sauti, na Bliss alimruhusu kutafuta upande wa kulia tu. Risasi ilikuwa kushoto.

Garfield alikuwa mtu mnene mwenye kilo 95 hivi. Alikonda hadi kilo 60. Akafa tarehe 19 Septemba, baada ya siku 79. Maiti ilipopasuliwa walikuta risasi imezungukwa na utando mgumu ambao mwili wenyewe uliujenga, imetulia kama kokwa ndani ya tunda. Na upande wa kulia walikuta njia ndefu ya usaha ambayo haikuchimbwa na risasi. Ilichimbwa na vidole. Guiteau mahakamani alijitetea kuwa yeye alimpiga risasi tu, waliomwua ni madaktari. Walimnyonga hata hivyo, mwaka 1882, na sidhani kama yupo wa kumlilia, lakini katika mambo yote aliyoyasema mtu yule hilo moja lilikuwa na ukweli ndani yake.

Miaka kumi na minne baadaye, mwezi Novemba 1895, Wilhelm Röntgen kule Ujerumani aligundua mionzi tunayoiita eksirei. Na wapi ilitumiwa kwanza kwa majeruhi wa vita? Mwaka uliofuata Waitalia walipigwa na Wahabeshi wa Mfalme Menelik huko Adua, na katika hospitali ya jeshi mjini Naples daktari mmoja, Giuseppe Alvaro, alizipiga picha mikono ya askari waliorudi kutoka Afrika akaona risasi zilipo bila kuwagusa. Miaka miwili baadaye, baada ya mapigano ya Omdurman, daktari Mwingereza aitwaye Battersby alikuwa na mtambo kama huo kando ya Nile. Umeme wake aliupata kwa kuwapandisha watu baiskeli na kuwaamuru wakanyage pedeli, katika jua lile la Sudan. Kidole kikaanza kustaafu.

Lakini wakati huo huo risasi yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kubwa kuliko ile nyeusi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyorusha risasi nyembamba ya milimita 8 kwa kasi ya zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Risasi tupu ingeyeyuka na kupaka mtutu kwa kasi hiyo, kwa hiyo ilivikwa ganda la madini magumu zaidi. Mswisi mmoja, Eduard Rubin, ndiye aliyekuwa ameonyesha njia kwa ganda la shaba.

Uswisi huko huko alikuwapo daktari wa upasuaji, Theodor Kocher wa mji wa Bern, ambaye baadaye, mwaka 1909, alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi la shingo. Huyu alitaka kujua risasi ya kasi hufanya nini hasa. Alichukua makopo ya bati akayapiga risasi. Kopo tupu lilitoka na matundu mawili madogo, la kuingilia na la kutokea. Kopo lililojaa maji lilipasuka. Risasi ni ile ile, bunduki ni ile ile. Watu wa enzi zile walirudia jaribio hilo kwa mafuvu ya vichwa: fuvu kavu lilitobolewa, lenye ubongo lilipasuka kama chungu.

Sababu yake utaielewa ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya mwili wako ni maji. Maji hayabonyei. Risasi ya kasi ikipita huyasukuma pembeni kwa nguvu, na kwa sehemu chache sana za elfu za sekunde hufunguka pango ndani ya nyama, pana kuliko risasi yenyewe hata mara kumi au zaidi, kisha hujifunga. Mtu anayetazama tundu la ngozi haoni lolote la hayo. Viungo vinavyonyumbulika, kama mapafu na misuli, hutanuka vikarudi. Huachwa vimevilia damu, lakini vingi hupona. Ini halinyumbuliki, wala bandama, wala ubongo uliofungiwa ndani ya mfupa. Hivyo hupasuka hata mahali ambapo risasi haikugusa.

Msikilizaji, hapa ni lazima nisimame kidogo, maana neno maji limetufikisha nyumbani. Wakati madaktari wa Ulaya wakipiga makopo ya maji, kusini mwa nchi yetu watu walikuwa wakielekea kwenye maji ya namna nyingine. Mwaka 1905, Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu dawa ambayo, waliamini, ingegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwezi Julai Wamatumbi waling'oa pamba ya Wajerumani, na vita ikawaka hadi Ungoni. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliikabili boma ya Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha, ambazo wazee waliziita bombomu. Askari wa kawaida wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki ya zamani ya Mauser, ya mwaka 1871, yenye donge la risasi nene la milimita 11 na moshi mweusi, lile lile la kuvunja mifupa. Rashasha zilirusha risasi mpya, nyembamba na za kasi. Waliokwenda vitani walipigwa za aina zote mbili. Kinjekitile mwenyewe alikuwa amekwisha nyongwa huko Mohoro tangu mwanzoni mwa mwezi huo, na hadi vita vinakwisha mwaka 1907, kwa risasi na zaidi kwa njaa iliyosababishwa na kuchomwa mashamba, walikufa watu ambao wanahistoria wengine huwakadiria hadi laki tatu.

Sijawahi kuwacheka watu wale, na huwa nawakatiza wanaowacheka. Nitakueleza kwa nini. Miaka sita tu kabla ya hapo wasomi na majenerali wa Ulaya walikaa mezani mjini The Hague kujadili jambo hili hili la risasi na mwili, nao pia walikuwa na imani zao.

Ilikuwa hivi. Waingereza katika vita vya Chitral, mpakani mwa India, mwaka 1895, walilalamika kwamba risasi yao mpya yenye ganda inapita ndani ya mtu kama sindano, naye anaendelea kuja. Katika kiwanda cha silaha cha Dum Dum, karibu na Calcutta, Kapteni Bertie-Clay akaondoa ganda kwenye ncha, risasi laini ikabaki wazi. Ikigonga mwili ilichanua kama uyoga na kuchana njia pana. Jina la mtaa ule likaenea dunia nzima. Huko Ujerumani Profesa von Bruns akafanya majaribio na kuchapisha picha za vidonda vya kutisha. Waingereza wakalalamika kwamba alitumia risasi za kuwindia wanyama na si Dum Dum yenyewe. Mkutano wa The Hague ulipokaa mwaka 1899, mjumbe wa Uingereza, Jenerali Ardagh, alitoa hoja kwamba askari mstaarabu akipigwa risasi ndogo hujua amejeruhiwa na kurudi nyuma, lakini mshenzi huendelea kushambulia, hivyo ahitaji risasi nzito zaidi. Yaani mwili wa Mwafrika au wa Mwasia ulikuwa na kanuni zake! Hapakuwa na daktari aliyepata kuthibitisha jambo hilo kwa kopo wala kwa fuvu.

Mataifa mengi hayakumfuata. Tarehe 29 Julai 1899 likapitishwa tamko la kukataza risasi zinazochanua au kubonyea kwa urahisi ndani ya mwili wa binadamu, Uingereza na Marekani zikipinga. Uingereza ilijiunga mwaka 1907. Lakini kulikuwa na kifungu ambacho watu hawakitaji sana. Tamko lilisema litawabana waliotia sahihi pale tu wanapopigana wao kwa wao. Ujerumani ilikuwa imetia sahihi. Wamatumbi na Wangoni, bila shaka, hawakualikwa The Hague. Hata kama askari wa Kijerumani angebeba Dum Dum kwenda Mahenge, asingevunja sheria yoyote iliyoandikwa.

Kisha mafundi wakaizunguka sheria yenyewe. Kwanza Wafaransa, kisha Wajerumani, wakaanza kuchonga risasi yenye ncha kali kama penseli, ili iruke mbali. Kitu chenye umbo hilo kina uzito mwingi nyuma. Hewani mzunguko wake huifanya inyooke, lakini ikiingia katika nyama, ambayo ni nzito kuliko hewa mara mia kadhaa, hujigeuza, kitako kikatangulia. Katikati ya kugeuka huwa inakwenda ubavu, na hapo ndipo hufungua pango kubwa. Waingereza mwaka 1910 walitoa risasi ambayo ncha yake ndani ilijazwa aluminiamu nyepesi, kitako kikazidi kuwa kizito. Haikuchanua, kwa hiyo ilitii maneno ya tamko.

Ni habari hiyo ya kupinduka inayoeleza mambo mengi yanayowashangaza watu. Kwa nini mmoja hupigwa na Kalashnikov pajani akatoka na vitundu viwili vidogo, na mwingine akapigwa tumboni na bunduki ile ile akaharibika vibaya? Risasi ya kawaida ya AK-47 huenda karibu sentimeta 25 ndani ya nyama kabla ya kupinduka hasa. Paja au mkono huwa umekwisha. Ile ya AK-74, ambayo Warusi walikwenda nayo Afghanistan, ni nyembamba zaidi na ina uwazi wa hewa kwenye ncha, nayo hupinduka mapema. Wapiganaji wa huko waliiita risasi ya sumu, ingawa sumu haikuwamo. Ya M16 ya Marekani hupinduka mapema vilevile, na ikiwa bado ina kasi hukatika vipande vipande.

Aliyeyapima mambo haya kwa utulivu ni daktari wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, aliyepasua majeruhi Da Nang, Vietnam, mwaka 1968, na kuanzia mwaka 1981 akaongoza maabara huko San Francisco. Alipika jelatini, ile ya kutengenezea vitafunio vya watoto, akaipoza, akaipiga risasi na kupima kila sentimeta ya njia yake. Wakati ule madaktari wengi walifundishwa kwamba jeraha la risasi ya kasi lazima likatwe nyama nyingi pembeni. Fackler alionyesha kwamba misuli iliyotanuliwa tu, bila kusagwa, mara nyingi hujiponya, na kwamba kisu kilikuwa kikiondoa nyama nzima. Utaona kwamba alikuwa akilisema somo la Garfield kwa mara nyingine, miaka mia moja baadaye.

Hata ile imani kwamba risasi ni safi kwa sababu ya moto wa baruti ilikwisha kuvunjwa zamani. Mmarekani LaGarde, katika miaka ya 1890, alipaka risasi vijidudu vya kimeta akawapiga wanyama, nao wakaugua kimeta. Uchafu huingia pamoja na risasi, na lile pango likifunguka hufyonza vipande vya nguo. Hivyo kinachomwua majeruhi haraka ni damu kumwagika, na kinachomwua polepole ni uchafu. Ukimkuta mtu ametobolewa mguu, kandamiza tundu kwa kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, usiache mpaka mfike hospitali, wala usichokoe.

Na risasi iliyobaki? Mara nyingi mwili huijengea utando, ikakaa. Kuitafuta huweza kukata mishipa ambayo yenyewe iliikosa. Zipo zinazopaswa kutolewa: iliyo ndani ya kiungo kama goti, kwa sababu ute wa kiungo huyeyusha madini yale na kumpa mtu sumu ya risasi, au inayokandamiza mshipa wa fahamu. Na kutembea? Imetokea, mara chache, risasi ikaingia ndani ya mshipa mkubwa ikachukuliwa na damu hadi mahali pengine. Iliyokaa ndani ya nyama ya paja haina njia ya kupanda.

Sheria nayo imesogea. Mwezi Juni 2010, mjini Kampala, mkutano wa nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ulikubaliana kwamba kutumia risasi zinazochanua kuhesabiwe kosa la vita hata katika vita vya ndani ya nchi, ambavyo tamko la 1899 halikuvigusa.

Yule mzee wetu aliishi hadi uzeeni, akafa kwa shinikizo la damu. Mwanawe aliwahi kumpeleka kupigwa eksirei mara mbili, miaka kumi na moja ikiwa katikati. Nilizishika picha hizo mwenyewe, tukaziinua dirishani moja juu ya nyingine. Doa jeupe lilikuwa mahali pale pale. Mjane wake alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza ile cherehani ilinunuliwa na nani.